Daktari wa Familia, Kituo cha Serikali au Hospitali Kubwa: Ulinganisho kwa Anayetafuta Pa Kutibiwa

Mtu akihamia mtaa mpya Dar es Salaam, ndani ya wiki moja huwa amekwisha kujua duka la kukopa, fundi bomba na kituo cha daladala kilicho karibu. Mahali pa kutibiwa hupatafuta usiku ambao mtoto anachemka, na kwa kuwa usiku huo hakuna nafasi ya kulinganisha lolote, huishia popote penye taa inayowaka. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mchana, wakati hakuna anayeumwa, kwa msomaji ambaye mbele yake kuna milango mitatu na hajui aanzie upi: kliniki binafsi ya daktari wa familia, zahanati au kituo cha afya cha serikali, na idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali kubwa ya binafsi au ya shirika la dini.

Duka la dawa nimeliweka kando, ingawa najua ndiko wengi wetu tunakoanzia. Lina kazi yake, lakini muuzaji hana kitanda cha kukulaza akuchunguze, wala hana faili lako, na hivyo haliwezi kupimwa kwa mizani moja na milango hii mitatu.

Daktari wa familia ni nani hapa kwetu

Jina hili lina maana mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni daktari mwenye kliniki ndogo mtaani, pengine akiwa na mwenzake mmoja, wauguzi wachache na chumba cha maabara, ambaye amewatibu watu wa nyumba moja kwa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba bibi ana sukari na mjukuu ana pumu. Ya pili ni daktari bingwa wa tiba ya familia, yaani aliyesomea ubingwa huo baada ya shahada ya kwanza ya udaktari. Fani hii bado ni changa Afrika Mashariki, na hapa Dar es Salaam imekuwa ikifundishwa na Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kliniki nyingi zinazojiita za familia zina daktari wa maana ya kwanza. Si kosa, ila mgonjwa ana haki ya kujua anayemtibu amesomea nini.

Kliniki hizi zenyewe si za zamani sana, na kuna sababu. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku huduma za tiba za kujipatia faida Tanzania Bara, mashirika ya dini yakiachwa yaendelee, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1991. Daktari aliyefungua kliniki yake katika miaka ya mwanzo ya ruhusa hiyo, leo ni mzee au amekwisha kustaafu. Kwa hiyo anayeuliza faili lake litabaki mikononi mwa nani daktari akiacha kazi hamkosei mzee adabu, bali anauliza jambo litakalomfika.

Mambo ya kupima

Kabla ya kuingia mlango wowote, ni vyema kukubaliana tunapima nini. Binafsi naona mambo sita yanatosha: ni nani atakayekuona na atakukumbuka kwa njia gani; utalipa kiasi gani na bima yako inakubalika wapi; vipimo na dawa vinapatikana vipi; utatumia muda gani; siri yako inatunzwaje; na, la mwisho, itakuwaje siku ugonjwa utakapokuwa mkubwa kuliko mlango uliouchagua. Mambo haya hayana uzito sawa kwa kila mtu, na hata mimi sikuyapa nafasi sawa katika maelezo yanayofuata.

Nani anakuona, na anakukumbuka vipi

Katika kliniki ya daktari wa familia, jambo unalolilipia hasa ni kukutana na mtu yuleyule. Faili lako linaweza kuwa la karatasi, kwenye kabati la chuma nyuma ya mapokezi, lakini nusu ya kumbukumbu imo kichwani mwa daktari. Udhaifu wake uko hapohapo: akisafiri, akiugua au akifunga kliniki, nusu hiyo huondoka naye.

Katika zahanati na kituo cha afya cha serikali, anayekuona mara nyingi ni tabibu au afisa tabibu, na kwenye vituo vikubwa daktari, kulingana na zamu ya siku hiyo. Wengi wao wana uzoefu mkubwa wa maradhi ya kawaida, kwa sababu wanaona wagonjwa wengi kwa siku moja kuliko kliniki ndogo inavyoona kwa siku kadhaa. Kumbukumbu, hata hivyo, mara nyingi unaibeba mwenyewe: daftari la mazoezi lililonunuliwa dukani, lenye jina lako juu, na kadi ya kliniki ya mama au ya mtoto. Wapo wanaolicheka daftari hilo. Mimi silicheki, kwa kuwa ni faili pekee linalosafiri na mgonjwa kutoka Mbagala hadi Songea bila kumwomba mtu ruhusa; tatizo lake ni kwamba likilowa au likipotea, hakuna nakala.

Hospitali kubwa ina faili la kompyuta lenye namba yako, majibu ya maabara ya miaka iliyopita na picha za eksirei. Utakayemkuta chumbani huenda ni daktari tofauti kila mara, isipokuwa umeomba bingwa fulani. Kompyuta haisahau, lakini kompyuta haikuulizi chochote. Anayeisoma ni mtu mwenye foleni mlangoni, na mara nyingi hufungua ukurasa wa ziara iliyopita tu.

Kwa nini nimekaa juu ya jambo hili? Kwa sababu maradhi mengi yanayotusumbua hayaonekani vizuri kwa ziara moja. Chukua presha. Kipimo kimoja cha juu, baada ya kupanda daladala mbili na kusimama kwenye jua, hakitoshi kumwambia mtu kwamba ataanza dawa za maisha; panahitajika vipimo vya siku tofauti, na mtu wa kuvilinganisha. Chukua mtoto anayebanwa kifua kila baridi inapoingia. Kila anayemwona kwa mara ya kwanza huona kikohozi cha usiku mmoja, humpa dawa ya maji na antibiotiki, naye hupona baada ya siku chache kama ambavyo angepona vyovyote. Ni yule aliyemwona mara ya tatu na ya nne ndiye anayeweza kusema kwamba hizi si homa nne bali ni pumu moja, na kwamba mtoto anahitaji dawa ya kuvuta, pamoja na kufundishwa namna ya kuivuta.

Hata majibu ya maabara hudai kumbukumbu. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha mwilini. Anayejua kwamba ulimaliza dozi ya dawa mseto siku kumi zilizopita ataomba damu itazamwe kwa hadubini. Asiyejua atakuandikia dozi nyingine. Vivyo hivyo kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, ambacho hutafuta kingamwili, kinaweza kuonyesha alama za maambukizi ya zamani. Ule utani wetu kwamba hakuna anayetoka maabara bila kukutwa na taifodi na yutiai una chanzo chake hapa, na unahusu milango yote mitatu.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mama yangu alikuwa akitibiwa presha mahali patatu kwa zamu, kulingana na mtoto gani amempeleka. Siku tulipomwaga vidonge vyake mezani tulikuta makopo matatu, na mawili yalikuwa amlodipini ileile yenye majina tofauti ya kibiashara. Hakuna hata mmoja kati ya waliomtibu aliyekosea kwa karatasi aliyokuwa nayo mbele yake. Waliokosea ni sisi, tuliompeleka huku na kule bila kubeba karatasi za kule alikotoka.

Gharama na bima

Kliniki ya daktari wa familia hutoza ada ya kumwona daktari, kisha vipimo na dawa kila kimoja kwa bei yake. Ada hiyo hutofautiana mno kati ya mtaa na mtaa, na baadhi ya madaktari hawatozi mgonjwa anayerudi ndani ya wiki kwa tatizo lilelile. Ulizia hilo mapema, kwa sababu linabadilisha hesabu yote ya mwaka. Jambo la pili la kuuliza ni bima. Kliniki ya daktari mmoja inaweza kuwa haijasajiliwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wala na kampuni inayomhudumia mwajiri wako, na kadi uliyonayo mkononi isiwe na kazi hapo.

Katika vituo vya serikali gharama ni ndogo, na kwa makundi kadhaa sera inasamehe malipo kabisa: wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Matibabu ya kifua kikuu na dawa za kufubaza VVU hutolewa bila malipo. Ni lazima niseme pia kwamba msamaha wa malipo haujazi kabati la dawa. Kama dawa haikufika kutoka Bohari ya Dawa, aliyesamehewa huandikiwa karatasi akanunue nje, na hapo msamaha wake huishia dirishani.

Hospitali kubwa ni ghali kwa anayelipa taslimu, na hospitali nyingi za binafsi huuliza bima au malipo ya awali kabla ya kulaza mgonjwa. Kwa mwenye bima nzuri ya mwajiri, huenda ndiko anakotoa fedha kidogo zaidi mfukoni kuliko kliniki ya mtaani. Asisahau tu kwamba mikataba huvunjika. Machi 2024, baada ya Mfuko wa Taifa kutoa kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake, na watu waliokuwa wakitibiwa sukari na presha kwenye mlango mmoja kwa miaka walijikuta nje wakiwa na kadi halali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na utekelezaji wake utaendelea kubadilisha nani anakubalika wapi. Kwa hiyo jibu ulilopewa mwaka jana liulize tena mwaka huu.

Vipimo na dawa

Hapa kila mlango una kishawishi chake, na ni haki kuvitaja vyote. Daktari mwenye kliniki ambaye pia ndiye mwenye maabara na dirisha la dawa hupata faida kwa kila anachokuandikia. Wengi ni waadilifu, lakini mpangilio wenyewe haumsaidii aliye dhaifu, na sindano isiyohitajika hulipa kodi ya pango. Hospitali kubwa nayo ina mashine zilizonunuliwa kwa fedha nyingi, na mgonjwa mwenye bima hupimwa vingi ambavyo asingepimwa angekuwa analipa mwenyewe. Kituo cha serikali hakina sababu ya kukuuzia, ila kina upungufu: kitendanishi kimekwisha, mashine imeharibika, mtaalamu wa maabara ni mmoja. Kwa ufupi, kwa wawili wa kwanza jihadhari na kupewa zaidi, na kwa wa tatu jihadhari na kupewa pungufu.

Namna nzuri ya kumjua daktari wa familia anayefaa ni kumuuliza swali moja: "Daktari, na nisipoinywa hii antibiotiki kwanza, tukasubiri siku mbili, itakuwaje?" Anayekueleza dalili za kuangalia na lini urudi, anafikiri pamoja nawe. Anayekasirika, au anayekuandikia haraka ili uridhike, amekwisha kukujibu. Kwa upande wetu wagonjwa, tunapaswa kukiri kwamba tunamlaumu daktari asiyetupa dawa, tukasema hakututibu.

Muda

Hili halina mengi. Kituo cha serikali kinataka asubuhi yako nzima: mapokezi, namba ya malipo, daktari, maabara, kurudi kwa daktari, dirisha la dawa. Hospitali kubwa ina hatua zilezile kwenye viti vizuri zaidi. Kliniki ndogo ni ya haraka, na nyingi hufunguliwa jioni baada ya kazi, hasa pale ambapo daktari mwenyewe huajiriwa kwingine mchana. Uliza saa ambazo daktari mwenyewe yupo, kwani saa zilizoandikwa kwenye bango ni saa za mlango kuwa wazi.

Siri

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu pana kuliko linavyopewa. Uzuri wa daktari kuijua familia nzima ndio huohuo unaomfanya binti wa miaka 17 asite kumwendea. Anajua kwamba daktari humwita mama yake kwa jina la mtoto wa kwanza, kwamba muuguzi wa mapokezi husali naye msikiti mmoja au kanisa moja, na kwamba chumba cha kusubiria kina majirani. Kimaadili daktari hapaswi kumweleza mume habari za mke, wala mzazi habari ambazo kijana ana haki ya kuzitunza. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Lakini siri ya mtaani haivujishwi na daktari peke yake. Kuonekana tu ukiingia mlangoni ni habari.

Kwa sababu hiyo wapo wanaotibiwa malaria kwa daktari wa familia na kwenda kupima maambukizi ya ngono kwenye kituo cha serikali cha wilaya nyingine, na sioni ubaya wowote. Hospitali kubwa hutoa faragha ya umati: hakuna anayekujua, ingawa kumbukumbu zako hupita mikononi mwa watu wengi zaidi, wakiwemo wa bima. Kituo cha serikali kina kliniki maalumu za VVU na za uzazi wa mpango zenye watumishi waliozoea kazi hiyo, japo mpangilio wa madirisha wakati mwingine humfanya kila aliye kwenye foleni ajue mwenzake amefuata nini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na inamhusu mwenye kabati la mafaili sawasawa na mwenye kompyuta. Siku ya kwanza unaweza kuuliza bila kumkosea mtu heshima: nani hufungua faili langu, na majibu yangu hutumwa kwa njia gani? Kliniki nyingi siku hizi hutuma majibu kwa WhatsApp. Hakikisha namba waliyoiandika ni yako, si ile ya simu ya baba inayoshikwa na nyumba nzima.

Rufaa na dharura

Zahanati ya serikali ni ngazi ya chini ya mfumo unaoendelea hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, na hatimaye ya taifa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ngazi ya mkoa ni Amana, Mwananyamala au Temeke, na juu yake Muhimbili pamoja na taasisi za moyo na mifupa zilizo jirani yake. Mgonjwa anayepanda ngazi hizi kwa barua hupokelewa mahali panapojua ametoka wapi. Ni njia ndefu, lakini ni njia iliyonyooka.

Daktari wa familia hana hospitali nyuma yake. Ana kalamu na simu. Daktari mzuri huandika barua ya rufaa inayoeleza alichokiona, dawa alizokwisha kutoa na anachokitilia shaka, kisha hupiga simu kwa mwenzake anayekupokea. Na ukirudi, husoma karatasi ya kuruhusiwa na kuiweka kwenye faili. Ukikuta daktari anayeng'ang'ania mgonjwa wiki ya tatu bila nafuu wala barua, hapo umeuona udhaifu mkubwa kuliko ukosefu wa mashine. Hospitali kubwa hukupeleka kwa bingwa wa chumba cha pili, jambo zuri sana ukiwa unamhitaji, na jambo la gharama ukiwa humhitaji: maumivu ya mgongo ya fundi aliyebeba saruji yanaweza kupita kwa mabingwa watatu kabla ya mtu kumuuliza anafanya kazi gani.

Kuhusu dharura niseme bila kuzunguka. Kliniki ndogo hufungwa usiku, na nyingi hazina oksijeni wala damu. Mtu mzima mwenye maumivu makali ya kifua au aliyepooza upande mmoja ghafla, mjamzito anayetoka damu au anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona giza, mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au anayevuta pumzi kwa shida: hawa wasipitishwe kwa daktari wa familia kwa ajili ya heshima. Waende moja kwa moja kwenye hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura, ya serikali au ya binafsi. Kwa wajawazito na watoto wachanga kuna pia namba ya bure 115 ya m-mama, inayoratibu usafiri wa dharura.

Kuhusu karatasi

Anayefanya kazi ya kuajiriwa atahitaji cheti cha mapumziko, kile ambacho wengi wanakiita ED. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari aliyesajiliwa au mwingine anayekubaliwa na mwajiri. Cheti cha daktari wa familia aliyesajiliwa ni halali, ingawa waajiri wengine hupenda kuona mhuri wa hospitali waliyoingia nayo mkataba. Kwa majeraha ya ajali au ya kupigwa, ambapo polisi hutoa fomu ya PF3, kliniki nyingi ndogo hukwepa kuijaza kwa kuhofia kuitwa mahakamani. Kituo au hospitali ya serikali ndiyo njia fupi, na tiba ya kuokoa maisha itangulie fomu.

Kukagua kabla ya kuzoea

Usajili wa daktari huthibitishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kliniki yenyewe inapaswa kuwa na cheti cha usajili wa kituo, ambacho kwa kawaida hutundikwa ukutani karibu na mapokezi. Kisome. Angalia kama jina lililoandikwa ndilo la mtu anayekuona, kwa kuwa hutokea cheti kikawa cha daktari ambaye huja mara moja kwa wiki. Zanzibar ina wizara yake ya afya na mamlaka zake. Msomaji wa Kenya atatafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, yaani baraza la madaktari la huko, na kwa upande wa bima atauliza kama kliniki ina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima wa huko, Oktoba 2024.

Kila mlango unamfaa nani

Kliniki ya daktari wa familia inamfaa zaidi mwenye ugonjwa wa kudumu usio na matatizo makubwa, familia yenye watoto wanaougua mara kwa mara, na yeyote anayehitaji kuelezwa mambo kwa utulivu. Mradi aweze kulipa ada na awe tayari kurudi palepale. Anayeitumia mara moja kwa mwaka halafu akazunguka kwingine amelipia kumbukumbu ambayo haijengeki.

Kituo cha serikali kinamfaa mjamzito, mama mwenye mtoto wa chanjo, anayetibiwa kifua kikuu au VVU, mwenye kipato kinachobadilika kila mwezi, na anayejua kwamba huenda akahitaji kupanda ngazi za rufaa. Hospitali kubwa inamfaa mwenye bima pana, mwenye ugonjwa unaohitaji mabingwa wawili au zaidi wanaosoma faili moja, anayepanga upasuaji, na anayetaka vipimo vyote apate chini ya paa moja kwa siku moja kwa sababu amesafiri kutoka mbali.

Ukiwa katika hali hii

Kama una mtoto mchanga, mwanzishie kliniki ya serikali kwa chanjo na kupima uzito, na ukamilishe ile ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Kwa homa na vikohozi unaweza kuwa na daktari wa familia, ila kila unapomwendea, kadi ya kliniki iwe mkononi.

Kama unamtunza mzazi mwenye presha au sukari, chagueni mlango mmoja kwa pamoja, ndugu wote, na mkubaliane kwamba atakayempeleka kwingine kwa dharura atarudi na karatasi. Mlango wenyewe uamuliwe na umbali ambao mzee anaweza kwenda bila kuchoka, kwani kliniki bora iliyo upande wa pili wa jiji huachwa baada ya miezi miwili.

Kama umeajiriwa na una bima, soma orodha ya vituo kabla ya kumpenda daktari. Ikiwa daktari unayemtaka hayumo, piga hesabu ya ziara nne za mwaka kwa fedha taslimu. Kwa wengine ni kiasi kinachobebeka, na bima hubaki kwa ajili ya kulazwa. Kama huna bima na kipato ni cha siku kwa siku, anzia kituo cha serikali bila kujiona umeshuka hadhi, na daftari lako ulifunike kwa plastiki.

Kama una umri wa chini ya miaka 20 na shida yako hutaki ijulikane nyumbani, una ruhusa ya kuwa na mlango wa pili. Mwambie tu anayekuona huko dawa zote unazotumia, hata zile ulizopewa na daktari wa mama.

Na kama daktari wenu wa familia ni mzee, amewatibu tangu watoto hawajazaliwa na sasa anafungua siku tatu kwa wiki, msimkimbie. Mwombeni awaandikie muhtasari wa kila faili, ukiwa na magonjwa ya kudumu, dawa na vipimo vyake, mzio wowote na upasuaji uliofanyika, kisha mwulizeni angempeleka kwa nani mtoto wake mwenyewe. Muhtasari huo uwekeni kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hata dada wa kazi anapajua.